Yule Mwenye Mkono Mkubwa

Kopo lenyewe lilikuwa la kahawa. Watu hucheka nikisema hivyo, maana sisi wa Mbinga kahawa tunailima, tunaichuma, tunaimenya na kuianika, halafu inapanda lori inakwenda zake, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye watoto ndipo nilipoiona kahawa imetulia ndani ya kopo lenye mfuniko. Alinipa mpishi wa misheni, likiwa tupu. Nililiosha, nikalianika juani, lakini harufu haijatoka mpaka leo. Ukilifungua unanusa kahawa kwanza, ndipo unaziona nyuso za wale wanaume.

Wanaume hao ni Wamarekani. Hilo sasa nalijua. Kila mmoja yuko kwenye kipande chake cha karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja. Wamevaa nguo nyeupe zenye mistari kama kitambaa cha godoro, na kofia zenye mdomo mbele. Wengine wameshika rungu. Wengine mkono mmoja ni wa kawaida na mwingine umevimba, mkubwa, wa rangi ya udongo, vidole vimenenepa kama ndizi. Wajukuu wangu wananiambia hizo zinaitwa kadi za wachezaji na kwamba huko kwao watu wazima wanazitafuta kama mimi nilivyozitafuta. Inawezekana. Mimi nilizitafuta bila kujua ninatafuta nini, na aliyejua hakuniambia.

Nianze na mitumba, maana bila mitumba habari hii haipo. Kabla ya enzi za ruksa mtu alikuwa na shati la kanisani na shati la shamba, na la shamba lilikuwa lile la kanisani likishazeeka. Ruksa ilipokuja, milango ya biashara ikafunguliwa, malori yakaanza kupanda kutoka Songea na mabelo ya nguo za Wazungu. Wakati huohuo ushirika wetu wa kahawa ulikuwa unayumba, malipo yanachelewa, na wanunuzi wapya wanapita na mizani zao. Nikaiacha mibuni mikononi mwa mke wangu, ambaye aliijua kuliko mimi, nikaingia mitumba. Mimi niliishia darasa la nne la shule ya kanisani. Kusoma Kiswahili naweza nikipewa nafasi. Kiingereza hakijawahi kunikaribia.

Belo likifunguliwa, kabla ya kutandika nguo chini, unapekua mifuko. Kila mfanyabiashara alikuwa na anachokitafuta. Mwenzangu mmoja alitafuta sarafu, akazitoboa na kuwavalisha binti zake shingoni. Mimi sikuwa na ninachokitafuta mpaka siku nilipoliinua jaketi zito la mvulana na kusikia kitu kigumu ndani ya bitana. Mfuko ulikuwa umetoboka, vitu vikateremkia ndani. Nikafumua uzi. Zikatoka zile picha, kifungu kizima, zimefungwa kwa mpira uliooza na kugandia. Zilikuwa za zamani, pembe zimelika, nyingine zinaonekana kama zimechorwa kwa mkono na kupakwa rangi. Ukizisogeza puani kulikuwa na utamu wa mbali, kama wa pipi iliyosahauliwa kabatini.

Nilizipeleka nyumbani nikazipanga mezani. Mama yangu, aliyekuwa akikaa nasi, akasogea kutazama. Akafuta mkono kwenye kanga yake, akafanya ishara ya msalaba.

Usimcheke. Kwetu Umatengoni kila nyumba ina picha ndogo za watakatifu. Unapewa ukipokea komunyo ya kwanza, unapewa kwenye kipaimara, unapewa siku padre mpya anapopadrishwa, na unaziweka ndani ya kitabu cha sala. Ukubwa wake ndio uleule. Mbele pana mtu amesimama peke yake anatazama mbali, nyuma pana maandishi. Na kati ya watakatifu yupo mmoja ambaye huchorwa akiwa na rungu, yule wanayemwomba watu waliokata tamaa. Sasa mama anaona mtu amesimama peke yake, anatazama mbali, ameshika rungu, na nyuma pana maandishi. Angesema nini?

"Ni wa kwetu hawa?" akaniuliza.

"Sijui, mama. Atatusomea Bwana Shamba."

Bwana Shamba alikuwa mpangaji wetu. Alitoka mkoa wa mbali, serikali ilimleta kutufundisha kilimo cha kisasa, ingawa alikiri mwenyewe kwamba chuoni hakuna aliyewaeleza habari za ngoro zetu, hayo mashimo tunayochimba mlimani ili mvua isibebe udongo. Mama ndiye aliyemfundisha. Walikwenda shambani pamoja, mama anachimba, yeye anaandika. Alikuwa mdogo kwangu, ananiita kaka mkubwa, mama anamwita mwanangu. Chumba alikilipia, chakula hapana. Alikula ugali wetu na usipa wetu, wale dagaa wa ziwani, kutoka sufuria yetu, na akiumwa malaria mama alikesha naye. Nayasema haya ili ujue alikuwa nani pale nyumbani.

Jumapili ile baada ya misa nikamwekea picha mezani. Akazigeuza moja moja. Alibana midomo, na mimi nikadhani ni heshima.

"Kaka mkubwa, umepata hazina," akasema. "Hawa ni watu wema wa Marekani. Kila mmoja na habari zake."

Akaanza kusoma. Yule aliyechuchumaa, ana wavu usoni na ubao kifuani, alikuwa mfuga nyuki aliyewagawia maskini asali. Yule mwenye shavu lililotuna aliumwa jino maisha yake yote wala hakulalamika. Yule mweusi, mweusi kama mimi, mwenye rungu begani, alikuwa mlinzi wa nyumba ya askofu, akaua nyoka aliyeingia kanisani. Huyo nilimpenda kuliko wote. Sikutegemea kumkuta mtu wa rangi yangu humo. Nilimtazama mpaka nikamjua kila kunyanzi la shati.

Akafika kwa yule mwenye mkono uliovimba. Akamtazama mama. Mama naye mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba tangu jembe limpige kwenye ngoro, vidole haviwezi kukunjika vizuri.

"Huyu," akasema Bwana Shamba, "mkono ulimvimba akiwachimbia watu wengine mashamba yao. Hakuacha kuchimba. Wenye mikono mibovu ndiye wanayemwomba."

Mama akanyoosha ule mkono wake. "Nipe huyo."

Akamtia kwenye kitabu cha sala. Kuanzia hapo kila Jumapili ikawa na kisomo chake. Tukitoka kanisani, chai ikimiminwa, mama anamwambia Bwana Shamba amsomee tena wa kwake, na Bwana Shamba anageuza karatasi, anakohoa kidogo, anasoma. Kila mara aliongeza kitu. Mara mtu huyo alikuwa na mama mjane. Mara alipenda maharage. Mama alicheka. "Kumbe ni mtu kama sisi," alisema.

Mimi nikawa mtafutaji. Jaketi lolote la Marekani nililipapasa bitana kama daktari. Wenzangu sokoni walipojua, wakaniletea walizookota, nikawapa vifungo na zipu. Nilijifunza kuzitenganisha, za zamani zina karatasi ya kahawia na nyuma zinakwaruza, mpya zinang'aa na hazina harufu. Niliyekuwa naye mara mbili nilibadilishana. Jamaa mmoja alitaka kunipa kofia nzima kwa picha ya yule mwenye rungu mkono wa shoto, nikakataa. Na nilipoteremka ziwani na mzigo wa nguo, Lipingo au Mbamba Bay, nilibeba kopo. Nikishatandika mali, watu wa ziwani wakaanza masihara yao.

"Nyie Wamatengo, mbona mnakuja kwenye maji na makoti? Mnaogopa hata ya kuoga?"

"Tunaogopa kunuka usipa kama nyie," nawajibu, nafungua kopo, nawasimulia habari za mlinzi na nyoka. Walikaa. Wanawake waliacha kuanika samaki wakasikiliza. Nguo niliuza, ndiyo, lakini si nguo zilizonifurahisha. Ilikuwa mara ya kwanza maishani watu kunisikiliza kama mtu anayejua jambo.

Na pale mjini Mbinga, wenzake Bwana Shamba wa ofisini wakaanza kuniita Baba Askofu. Nikipita wananyanyuka vitini, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba Askofu." Nilikuwa na koti refu jeusi nililolitoa kwenye belo nikaona ni zuri mno kuliuza. Nikadhani ni hilo koti. Niliitikia, "Milele na milele, amina," nikaendelea na safari zangu, kifua mbele.

Mkono wa mama haukupona. Sista wa hospitali ya misheni alishasema arudi upasuliwe usaha utoke. Mama akasema atangoja kidogo, maana yule mwenzake alifanya kazi na mkono vilevile. Sisemi picha ndiyo iliyomharibia mkono. Mama alikuwa mwoga wa kisu hata kabla. Nasema tu kwamba alipokwenda hatimaye, vidole viwili havikunyooka tena, na kwamba Bwana Shamba alikuwepo mezani siku zote alizokuwa akisema atangoja.

Sasa nifike Mbamba Bay. Nilikuwa nimemaliza kuuza, nangoja lori lijaze magunia ya usipa lipande mlimani. Ilikuwa mchana, jua kali. Nyuma ya baa moja walikuwa wamefungua kibanda cha video, jenereta linanguruma nje, ndani magogo ya kukalia na televisheni juu ya kreti. Nikaingia kwa ajili ya kivuli. Sinema ilikuwa ya Kizungu na sikuelewa chochote, nikawa nasinzia. Nilipofumbua macho nikawaona watu wangu.

Walikuwa wote. Nguo za mistari, kofia za mdomo, rungu. Mfuga nyuki alikuwa amechuchumaa palepale anapochuchumaaga. Walikuwa wanatembea. Nikasisimka mwili mzima, maana hebu fikiria unaingia mahali kujificha jua unakuta watakatifu wanakimbia kwenye majani. Mmoja akaja mbele, mwenye mkono uliovimba. Uso umechoka. Akaushika ule mkono kwa mkono mwingine, akauvuta, ukatoka. Akautupa chini. Chini yake palikuwa na mkono mzima, mweupe, vidole vitano, akajikuna nao pua.

Nikasimama.

"Mzee, kaa, unaziba," mtu akasema.

"Amevua mkono."

"Nani?"

"Huyo. Alikuwa na matende, ameyavua."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Jirani yangu alikuwa fundi mitambo wa meli, mtu aliyetembea mpaka ng'ambo ya ziwa na zaidi, na yeye hakucheka sana. Akanivuta nikae.

"Baba, hiyo ni glavu. Ya ngozi. Ya kudakia mpira. Huo ni mchezo tu, ni kama rede ya wasichana wa shule, ila wanacheza wanaume wazima na wanalipwa."

"Na rungu?"

"La kupigia mpira."

"Siyo nyoka?"

"Nyoka gani tena, baba?"

Nikatoa kopo kwenye mfuko wa koti, nikampa picha moja, nikamwambia anisomee nyuma. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. "Hapa ni jina lake na timu yake. Chini yake ni namba tupu. Alipiga mara ngapi, alikosa mara ngapi, mwaka kwa mwaka."

"Hakuna habari za mama yake?"

"Hakuna, baba. Namba."

Nilipanda na lori lile, nimekaa juu ya usipa, na njia nzima ya milima nilikuwa nawatoa mmoja mmoja kichwani. Mfuga nyuki akafa. Mwenye jino akafa. Mlinzi wangu mweusi alichelewa kufa. Kilichoniuma si kwamba ni wachezaji. Mchezaji ni mtu wa heshima, hata sisi tuna wetu tunaowabeba mabegani. Ningeambiwa tangu siku ya kwanza kwamba huyu mweusi anapiga mpira mpaka unapotea, ningempenda vilevile na ningemtafuta kwenye kila bitana. Bwana Shamba aliniibia watu wangu akanipa wa kwake.

Nilimkuta barazani anasafisha mnyororo wa pikipiki ya serikali, kopo la mafuta pembeni.

"Shikamoo kaka mkubwa. Za ziwani?"

Nikampita, nikaingia ndani, nikamwomba mama kitabu chake cha sala, nikatoa ile picha. Nikamwekea juu ya kiti cha pikipiki, maandishi juu.

"Nisomee."

"Si nimeshakusomea mara nyingi? Huyu ndiye yule wa mkono…"

"Nisomee kwa Kiingereza chake. Uweke kidole kwenye kila neno."

Alifuta mikono muda mrefu. Kidole chake kikashuka kwenye karatasi, hakikwenda popote.

"Nimemwona jana akiuvua," nikasema.

Hakuuliza kuvua nini. Akaniuliza, "Nani kakuambia?"

Hapo ndipo nilipojua yote. Hata angelia baadaye, hilo swali lilikuwa limeshatoka.

"Kaka, ulikuwa utani," akasema. "Ulikuja na kopo lako, umevaa shati la kanisani, mama amekaa, mnanitazama. Nyuma ni namba tupu. Ningewaambia nini, namba?"

"Ungetuambia namba."

"Na mlifurahi. Sema kama hamkufurahi."

"Na kule ofisini wanaponiita Baba Askofu?"

Akainamia mnyororo. Nikatazama kisogo chake, mahali mama alipokuwa akimwekea kitambaa cha maji akiwa na homa. Nikaona kichwani mwangu meza ya baa, wenzake wa ofisini, yeye amesimama anaigiza sauti ya mama yangu: nipe huyo. Labda hakuiigiza. Mimi naisikia akiiigiza mpaka leo.

"Jumapili baada ya misa utamwambia mama," nikasema. "Kwa mdomo wako. Mimi sitamwambia, maana si mimi niliyemsomea."

"Nitamwambia."

"Umwambie ni mpira."

"Kaka, nimesema nitamwambia."

Nikairudisha picha kwenye kitabu. Siku zilizobaki za juma tulipitana mlangoni, yeye akinisalimu kwa adabu zote. Jumamosi nilikuwa sokoni tangu asubuhi, maana palikuwa na belo jipya. Nililifungua, nikatandika. Sikupekua mifuko. Nilirudi jioni nikaona mlango wa chumba chake uko wazi na sakafu imefagiliwa.

Mama alikuwa jikoni, ufunguo uko kwenye sahani mbele yake.

"Mwanangu amepata uhamisho," akasema. "Amerudishwa kwao. Ulijua?"

"Sikujua."

"Alisema huo uhamisho ulishatoka siku nyingi, alikuwa anaona vibaya kutuambia. Nimemfungia mahindi na maharage ya njiani. Nimempa na yule kuku mwekundu."

"Amekuambia nini, mama?"

"Amelia, mtoto wa watu. Akapiga magoti hapo mlangoni, akaniambia, mama, niombee safari kwa yule wako wa mkono." Akatabasamu. "Nimemwombea."

Nilitoka nje nikasimama. Kwa hiyo siku ile ya mnyororo, aliposema nitamwambia, alikuwa ameshaijua Jumamosi yake. Mimi nilimpa Jumapili na yeye akaipokea kama mtu anayepewa fedha bandia na kuitia mfukoni ili asikuudhi. Uongo wa kwanza ningeweza kuusamehe, nadhani. Alikuwa kijana, namba zilimshinda, tulimtazama kwa hamu. Lakini kupiga magoti mbele ya mwanamke yule, ukijua, ukamwomba akuombee kwa glavu ya ngozi, kisha ukabeba kuku wake. Nimelitafutia jina jambo hilo miaka yote hii, kwa Kimatengo na kwa Kiswahili. Silipati.

Kesho yake tulikwenda misa. Tukarudi. Mke wangu akamimina chai. Kiti cha Bwana Shamba kilikuwa kitupu na hakuna aliyekikalia. Mama akafungua kitabu cha sala, akaitoa picha kwa ule mkono wake wa vidole viwili vilivyopinda, akanisogezea.

"Mwenzako hayupo. Nisomee wewe."

Nikaigeuza. Ningemwambia ni mpira, ingebidi nimwambie pia kuku mwekundu alikwenda na mtu wa namna gani. Nilimtazama usoni, nikashindwa. Na uongo wa Bwana Shamba sikutaka uingie kinywani mwangu. Sasa kilichobaki ni kilichoandikwa. Namba nazijua, darasa la nne walinifundisha namba.

"Mia moja hamsini na mbili," nikasoma.

Mama akafumba macho. "Utuombee."

Nikamtazama mke wangu. Yeye alitazama birika.

"Ishirini na tisa."

"Utuombee."

"Sifuri."

"Utuombee."

Nilisoma mwaka kwa mwaka, alichopiga na alichokosa, polepole, bila kuruka, na kila namba mama aliiitikia kwa sauti ileile ya litania ya kanisani. Chai ikapoa. Nikafika chini, namba zikaisha.

"Ndiyo hivyo tu?" akauliza.

"Ndiyo hivyo tu, mama."

Akaipokea picha, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaifungia ndani ya kitabu.

"Mwenzako alikuwa anasoma vizuri zaidi," akasema.